Nilikuwa mwalimu kamili, sasa niwe msaidizi?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, mzaliwa wa Muheza, Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Leicester, Uingereza. Nilimfuata mume wangu ambaye ni raia wa huku, kwa hiyo viza yangu inaniruhusu kufanya kazi. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Daraja la IIIA, nimefundisha darasa la pili miaka saba. Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa na watoto 112, wanne kwa dawati, na wengi walinifikia Januari hawajui hata kuunganisha ba na ba. Ilipofika Novemba walikuwa wananisomea hadithi. Nakueleza haya ili ujue nilikotoka.

Huku nafungasha mizigo ghalani zamu ya usiku. Asubuhi narudi, nampeleka binti yangu shuleni, ana miaka 4, kisha nalala. Siku moja mwezi wa pili karani wa mapokezi alinishika mkono pale getini. Ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, tangu siku ya kwanza hunisalimia kwa Kiswahili. Akaniambia kuna mtoto amekuja kutoka Kongo, hii siku ya tatu analia tu na hakuna anayemwelewa, tafadhali ingia. Nikamkuta amejikunyata chini ya meza. Nikakaa sakafuni, nikamuuliza jina lake na nani kamkosea. Akasema hajakosewa na mtu. Anataka kwenda chooni na hajui aombeje. Siku tatu, Shangazi!

Nilikaa naye mpaka saa ya chakula. Nilipotoka, mwalimu mkuu akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuwa msaidizi wa mwalimu darasani. Usiku ule pale ghalani sikuuona mkanda wa mizigo, nilikuwa nawaza darasa.

Kwa pupa nikatafuta kozi mtandaoni. Nikaona diploma ya usaidizi wa mwalimu, ngazi ya 3, imeshushwa bei mpaka pauni 19. Nikalipa, nikasoma Jumamosi na Jumapili, cheti kikaja kwa barua pepe Jumapili jioni. Jumatatu nikakipeleka shuleni nikiwa na furaha. Mwalimu mkuu alikitazama, akaniambia kwa upole kwamba hiki hakitambuliki. Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi niliyesoma chuo cha ualimu miaka miwili!

Nyumbani nako hakuna utulivu. Mume wangu ananiunga mkono ila anaogopa mshahara. Shemeji yangu anasema niende nikahudumie wazee, huko ndiko kwenye saa nyingi na pesa, na kwamba natoka ualimu nakwenda kuwa mpanga penseli. Hayo ningeyavumilia. Lakini nilipompigia mama, akanyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, si ulikuwa mwalimu kamili wewe?" Tangu hapo sina raha.

Naomba uniambie ukweli. Hii kazi ina mbele yoyote? Nisome nini na wapi? Nitakuja kuwa mwalimu tena, au nikiingia msaidizi nitazeeka msaidizi? Na hiki Kiingereza changu cha Muheza, watoto hawatanicheka?

Mwalimu wa zamani, Leicester

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye simu ya mama. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniuliza neno hilohilo mwaka 2004, nilipoanza kazi hii katika shule moja ya msingi huku Uingereza. Nami nilikuwa nimetoka kufundisha Malindi. Kwa hiyo nitaanza na swali lake, ya pesa na vyeti yatafuata.

Shemeji yako na penseli zake hajabuni kitu. Mwaka 2003 serikali ya huku na vyama vingi vya wafanyakazi wa shule walitia saini makubaliano ya kuwapunguzia walimu mzigo: kutoa nakala, kukusanya pesa za safari, kubandika kazi za watoto ukutani, hayo yote yakaondolewa mikononi mwa mwalimu. Mwaka 2005 mwalimu akapewa pia sehemu ya kumi ya muda wake wa kufundisha aitumie kuandaa masomo. Mikono ya kuziba mapengo hayo ilikuwa yetu. Mwaka wangu wa kwanza niliosha brashi za rangi hadi vidole vikakauka. Lakini kazi haikubaki pale. Leo msaidizi ndiye anayekaa na mtoto mwenye usonji, anayefundisha vikundi vidogo kusoma, anayejua kabla ya mwalimu kwamba fulani hakula asubuhi. Madarasa mengi ya wadogo hapa hayaendi bila mtu wa pili.

Sasa nikuambie jambo ambalo matangazo ya kozi hayakuambii. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo cha Elimu cha London walichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa wa miaka kadhaa juu ya wasaidizi. Waligundua kwamba watoto waliosaidiwa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa kiwango kilekile waliosaidiwa kidogo. Habari hiyo ilituchoma. Wengine walilia kwenye chumba cha walimu. Lakini ukisoma sababu unaelewa: wasaidizi walikuwa hawaandaliwi, hawakai na mwalimu kupanga somo, na mtoto anayekaa na msaidizi kutwa anatengwa na mwalimu wake. Juu ya hayo, msaidizi mwenye huruma humaliza kazi ambayo mtoto alitakiwa ahangaike nayo mwenyewe.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipewa binti wa miaka saba aliyesumbuliwa na hesabu. Nilimpenda yule mtoto. Kila alipokwama nilimwonyesha, alipokwama tena nikamshika mkono tukaandika pamoja. Daftari lake likajaa alama za vema. Siku ya mtihani niliwekwa chumba kingine, na yeye kwenye karatasi aliandika jina lake tu. Mwalimu wa darasa hakunilaumu. Aliniwekea ile karatasi mezani akaniambia, "Kesho, akikwama, hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujafungua mdomo." Kile kimya cha sekunde kumi kilinichukua mwaka mzima kukizoea.

Ndiyo maana nakuambia wewe, mwalimu wa watoto 112: huendi kushuka cheo, unakwenda kujifunza kazi nyingine. Umezoea kusimama mbele ukaongoza umati kwa sauti na macho. Huku utaketi pembeni ya mtoto mmoja, kwenye kiti kifupi, mtu mwingine akiongoza. Utamwona mwalimu kijana anafundisha jambo ambalo wewe ungelifundisha vizuri zaidi, na utatakiwa unyamaze, umsubiri baada ya kipindi, umweleze kwa adabu ulichokiona kwa mtoto. Walimu wa zamani wengi hushindwa hapo, na hata siku moja sikuona aliyeshindwa kwa Kiingereza. Jiulize kwa dhati kama unaweza. Kama huwezi, pita njia nyingine ya kurudi ubaoni, nayo nitaitaja.

Lakini usidhani ulichonacho hakina kazi. Umefundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, unajua jinsi sauti ya herufi inavyogeuka silabi, na silabi neno. Huku wanafuata njia hiyohiyo ya sauti, na kila Juni watoto wa mwaka wa kwanza hupimwa kwayo, sema lugha yao ni ngumu. Mtoto wetu akishika ba be bi bo bu amefungua mlango. Mtoto wa Kiingereza anakuta herufi 'ough' zinasomwa hivi katika neno hili na vingine kabisa katika neno lile. Ukijifunza sauti zao arobaini na kitu, mbinu unayo tayari. Na vikundi vidogo vya namna hiyo, vikiendeshwa na msaidizi aliyefunzwa na kwa mpango maalumu, ndivyo vilivyoonekana kuleta faida: taasisi ya Education Endowment Foundation inakadiria wastani wa kama miezi 4 ya ziada ya maendeleo kwa mwaka.

Kuhusu pesa, usidanganywe na tangazo. Utaona limeandikwa pauni 24,000 kwa mwaka, na pembeni maneno madogo yasemayo utalipwa kwa uwiano na kwa muda wa muhula tu. Tuseme shule inakutaka saa 32 na nusu kwa wiki, wakati wiki kamili ya kazi ni saa 37. Hapo umeshuka hadi kama 21,000. Halafu shule hufunguliwa wiki 39, na ukiongeza likizo yako ya malipo unalipwa wiki 44 au 45 kati ya 52. Kinachobaki ni kama 18,000, kikigawanywa miezi 12 ni pauni 1,500 kwa mwezi kabla ya makato. Keti na mume wako mpige hesabu kwa namba hiyo, ile ya kwenye tangazo iacheni.

Shemeji ana haki kwa upande mmoja, kuhudumia wazee kuna saa za mwaka mzima na ni kazi ya heshima. Lakini aweke kwenye mizani kwamba una mtoto wa miaka 4. Likizo zote utakuwa naye, hutamlipa mlezi, na usiku utalala. Ukiajiriwa na shule yenyewe unaingia pia kwenye mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa, ambao mwajiri huchangia vizuri. Ukipitia wakala unalipwa kwa siku na pensheni hiyo huipati. Kitu kingine cha kuuliza kwenye usaili ni kama nafasi ni ya kudumu. Nyingi zimefungwa kwa mtoto mmoja mwenye mpango maalumu wa elimu na afya. Mtoto akihama, mkataba nao unakwisha.

Cheti cha pauni 19 usikilie sana, wamenaswa wengi waliosoma kukuzidi. Kwanza elewa kwamba katika England hakuna sheria inayomtaka msaidizi awe na cheti fulani. Kila mwalimu mkuu anaamua. Wengi wanatazama kama una Kiingereza na hesabu za kutosha, na kama umewahi kukaa na watoto wa huku. Kozi halali ina namba yake kwenye rejista ya Ofqual, msimamizi wa mitihani na vyeti, na rejista hiyo iko wazi mtandaoni. Namba isipoonekana huko, funga mkoba wako. Kagua na jina. Kozi fupi kabisa, isiyozidi saa 120 za masomo, huitwa Award, nyingine huweza kupatikana bila kukanyaga darasa. Certificate ni ndefu zaidi, na Diploma huanzia saa 370. Kwa kazi hii tafuta Certificate ya ngazi ya 2 au Diploma ya ngazi ya 3 ya kusaidia ufundishaji na ujifunzaji shuleni, ile ambayo mtathmini anakuja kukuona ukiwa na watoto. Kozi inayotolewa wikendi moja bila mtoto hata mmoja haiwezi kukufundisha kuhesabu mpaka kumi.

Kwa hiyo shule kwanza, chuo baadaye. Omba kujitolea asubuhi mbili kwa wiki pale anaposoma binti yako, au darasa jingine katika shule hiyo. Watakufanyia ukaguzi wa DBS, yaani wa rekodi za uhalifu, ambao kwa anayejitolea hauna ada ya serikali, na kwa kuwa umeishi nje wanaweza kukudai cheti cha tabia njema cha polisi wa Tanzania. Anza kukifuatilia mapema kwa sababu alama za vidole na posta huchukua muda. Siku ya kwanza utapewa maelekezo ya ulinzi wa watoto. Yasome kama unavyosoma Kurani au Biblia. Mtoto akikunong'oneza, "Nikuambie siri?" huruhusiwi kuahidi kuitunza. Unamsikiliza, unaandika maneno yake kama alivyosema, unampelekea anayesimamia ulinzi wa watoto pale shuleni siku hiyohiyo. Kwetu tungemwita mama wa mtoto pembeni tukazungumza. Huku ukifanya hivyo unaweza kumtia mtoto hatarini na kazi ikaota mbawa.

Wakati unajitolea, peleka vyeti vyako vya kidato cha nne na vya ualimu kwa UK ENIC, ofisi inayolinganisha vyeti vya nje, wakakulinganishie na vya huku. Usijitathmini mwenyewe, wala usikubali karani wa chuo akutathmini kwa kutazama tu. Wakisema Kiingereza au hesabu zako hazilingani, utashauriwa ufanye mtihani mwepesi wa stadi za kazi uitwao Functional Skills. Kwa usaidizi unatosha. Lakini umeniuliza kama utakuwa mwalimu tena, na kwa mwanafunzi wa ualimu wanadai GCSE, mtihani ambao watoto wa huku hufanya wakiwa na kama miaka 16, daraja la 4 au kinacholingana nacho katika Kiingereza na hesabu, na ukitaka shule ya msingi na sayansi pia. Basi kazana na GCSE yenyewe tangu sasa, usije ukarudia darasa hilo ukiwa na miaka 40. Vyuo vya jamii hufundisha GCSE hizo mbili bure kwa watu wazima wasio nazo wanaokidhi masharti ya ukaazi, ambayo mara nyingi ni miaka 3. Wewe uko mwaka wa tatu, tazama tarehe uliyoingia kabla hujajisajili.

Ngazi ya juu ya usaidizi ipo, inaitwa HLTA, ilianza mwaka 2003. Unapimwa kwa viwango 33, na ukifaulu unaweza kuachiwa darasa zima. Mimi niliipata mwaka wa tano, na siku niliyosimama mbele ya watoto 30 peke yangu nilisikia harufu ya chaki ingawa chaki haikuwapo. Lakini hadhi hiyo haiji na nafasi. Nimeona wenye HLTA wanaolipwa kama msaidizi wa kawaida, halafu kila mwalimu akiugua wanaitwa wao. Ukiipata, dai mkataba unaoitaja. Ingia chama cha wafanyakazi mapema, UNISON au GMB, usisubiri mpaka uonewe.

Ualimu wenyewe huku unataka shahada na QTS, yaani hadhi ya mwalimu kamili. Njia ya watu wanaofanya kazi ni shahada ya awali (foundation degree) ya miaka 2 huku ukiwa shuleni, mwaka mmoja wa kuikamilisha iwe shahada kamili, kisha mwaka wa mafunzo ya ualimu. Hivi karibuni wameleta na uanagenzi wa shahada ya ualimu, miaka 4, unalipwa mshahara na ada hulipi, na ukimaliza una shahada na QTS. Makundi ya kwanza yalianza mwaka 2025, nafasi bado ni chache na vigezo vya kuingia ni vikali, lakini umeundwa kwa watu kama wewe. Utakuwa na miaka 40 au zaidi utakapomaliza. Nimefanya kazi na mwalimu aliyehitimu akiwa na 47, watoto hawakujua tofauti.

Lafudhi yako iache ilivyo. Watoto watakuuliza kwa nini unasema hivyo, utawajibu unatoka Tanzania, watakuuliza kama umeona simba, na hapo mazungumzo yamekwisha. Cha kujifunza ni zile sauti zao za kusomea, uzitamke kama zinavyotamkwa shuleni, kwa sababu hapo mtoto anakunakili.

Neno moja kwa wasomaji walio Dar, Mombasa na Bujumbura: kazi hii msiiuziwe kama tiketi. Tangu Julai 2025 viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, kwa waajiriwa wapya, kwa jumla inadai kazi za kiwango cha shahada, na usaidizi wa mwalimu haumo. Wakala anayewaahidi vingine anataka pesa zenu. Dada huyu anayo ruhusa kwa sababu ya ndoa yake.

Nawe mwanangu, Jumatatu ukishamwacha binti, mwombe yule mama wa Kisumu fomu ya kujitolea. Ghala usiliache bado, omba tu wakupunguzie usiku mmoja au miwili, asubuhi unazojitolea usiende na macho mekundu. Halafu mpigie mama. Umemwambia kwamba unakwenda kuwa msaidizi, lakini katika barua yako yote sijaona mahali ulipomsimulia habari ya yule mtoto wa chini ya meza.